Gari haliwaki na tairi limepinda, nalisafirishaje?

Swali: Wakuu, gari langu liligongwa ubavuni. Injini haiwaki, gurudumu la mbele kushoto halizunguki. Linapanda meli. Nimwambie wakala yote, au niseme betri tu imekufa?

Jibu: Sema yote, ndugu. Mimi nilidanganya kwamba "linasukumika". Winchi ya lori (mashine ya kuvuta kwa waya) ilipovuta, tairi likagoma, likaburutwa, bampa likang'oka. Dereva hakunisemesha tena! Watakuuliza: magurudumu yanazunguka? usukani unakata? breki zinashika? Kwa hilo lako, agiza lori la kitanda (lenye mgongo bapa) na winchi na vigari vya kuweka chini ya tairi.

Jibu: Meli za kuingiza magari kwa kuyaendesha mara nyingi hulikataa lisilotembea, au hutoza zaidi. Ulizia kontena. Kagua kama linavuja oili, na piga picha kila upande kabla halijaondoka.

Mwenye swali: Asanteni. Ila ni otomatiki, gia imekwama kwenye P (ya kuegesha).

Jibu: Magari mengi yana kitundu chenye kifuniko kando ya gia. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki, bonyeza humo kwa bisibisi, sogeza gia hadi N (gia huru). Na ufunguo uende na gari, usukani usije ukajifunga.