Mjadala: Injini ikifa, muuzaji wa sakiti ya kuongeza nguvu alipe?

Hapa Nairobi, injini ikifa baada ya kufungwa sakiti ya kuongeza nguvu, wengi husema hasara ni ya mwenye gari. Si alitaka mwendo? Mimi ni fundi wa injini na sikubaliani hata kidogo.

Mwezi uliopita nilifungua Subaru Forester ya turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Pistoni ya nne ilikuwa imevunjika pale zinapokaa ringi. Kijana wa watu aliambiwa achomeke tu, hospawa (nguvu za injini) zitaongezeka. Hakuelezwa kwamba sakiti ile hukaa kati ya sensa ya presha ya hewa inayoingia na kompyuta ya injini, ikiiambia kompyuta kuwa presha ni ndogo kuliko ilivyo, ndipo turbo iachiwe kusukuma zaidi. Muda wa cheche na kiasi cha petroli havikupangiwa presha hiyo. Joto linapanda, injini inaanza kugonga, yaani petroli inalipuka yenyewe ovyo ndani. Tena gari lenyewe lilitengenezewa soko la Japani, kwenye petroli ya oktani (uwezo wa kuhimili presha bila kugonga) ya juu kuliko super yetu ya kawaida. Lilikuwa limeshakaribia ukingo kabla ya sakiti.

Wapo wanaotaka biashara hii ipigwe marufuku kabisa. Hapana, jamani. Magari ya Safari Rally kule Naivasha hayakimbii kwa mipangilio ya kiwandani. Fundi anayefunga kompyuta mpya, akaipanga gari likiwa juu ya mashine ya kupima nguvu huku akisoma moshi na kusikiliza injini, huyo anafanya kazi ya heshima. Hata California, yenye sheria kali za moshi, kifaa kikishapimwa na kupewa namba ya idhini huruhusiwa kuuzwa kwa magari ya barabarani.

Shida yangu ni anayeuza bila kupima, halafu anazima simu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza muuzaji kupotosha mteja. "Chomeka tu" ni kupotosha, na injini ya mtu ni akiba yake ya miaka.

Wauzaji, nawauliza waziwazi: mnaandika kwenye risiti sakiti ni ya injini gani, petroli gani, na presha itafika wapi? Kama hamwandiki, kwa nini gharama ya pistoni isiwe yenu?