Naomba shauri: koliye ya umeme kwa imbwa ya kuwinda

Bandugu jambo yenu. Niko Lubumbashi, imbwa yangu iko na myezi 14, kwa kunusa kanga ya pori haina mwenzake, lakini ikishaona sungura basi, unaita mpaka sauti inakauka na haigeuki. Wiki iliyopita njia ya Kipushi ilirudi usiku na alama ya waya ya mutego ku muguu, sikulala. Mwenzangu akaniazima koliye ya umeme, ule mukaba wa kuvalisha imbwa ku shingo, iko na mlio, kutetemeka na umeme wenyewe. Nikaweka kidogo kabisa, na nilijigusisha ku mukono kwanza, lakini imbwa ikalia ikakuja kujificha katikati ya miguu yangu, kesho yake kuona tu ile koliye ikaingia chini ya kitanda. Iliniuma sana. Najua Wales walishazikataza tangu 2010, na kuko wenye kusema ufundishe kwanza na kamba ndefu ya metre 10 na vipande vya nyama, umeme ukuje nyuma ama usikuje kabisa. Ninyi wenye kufundisha imbwa za kuwinda, mulifanya je? Mlio peke yake unatosha? Na hii yenye imeshaogopa, nitairudisha namna gani ili iniamini tena?