Mdogo wangu ni mashoto, anaongea lugha tatu, anakwenda kufanyiwa upasuaji wa kifafa: apimwe ubongo kwa lugha gani?

Kashozi_Kaka aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa wanaojua vipimo vya ubongo au waliowahi kuuguza mgonjwa wa kifafa.

Mdogo wangu ana miaka 26 na kifafa anacho tangu utotoni. Ametumia dawa ya kabamazepini, baadaye wakaongeza nyingine ya valproeti, anameza bila kukosa, na bado anaanguka. MRI ya kawaida, yaani picha ya ubongo kwa mashine ya sumaku, ilionyesha kovu ndani ya panja la kushoto, kwenye sehemu ya kumbukumbu inayoitwa hipokampasi. Tumepata nafasi katika hospitali moja India. Wanasema kovu likitolewa ana matumaini makubwa, ila kwanza wanataka kujua lugha yake imekaa nusu ipi ya ubongo. Kwa hiyo atafanyiwa MRI ya utendaji, ile ambayo mgonjwa analala ndani ya mashine huku akipewa kazi za maneno.

Hapo ndipo nilipokwama. Sisi ni Wahaya, nyumbani ni Kihaya. Kiswahili alikipata alipoanza shule na ndicho anachoishi nacho mjini mpaka leo. Kiingereza ni cha sekondari na cha barua za kazini. Hospitali ina kazi za maneno za Kiingereza, Kihindi na Kitamil, na mratibu ametuandikia kwamba Kiingereza kinatosha.

Jambo la pili, mdogo wangu ni mashoto. Alichapwa sana darasa la kwanza hadi akahamia mkono wa kulia. Fomu yao inauliza anaandika kwa mkono gani, tumejaza kulia kwa sababu ndivyo anavyoandika.

Je, Kiingereza kinatosha kweli? Umashoto una uzito wowote hapa? Na swali analouliza mama kila siku: anaweza kuamka Kihaya kimefutika, akashindwa kuongea naye?

MamaAnita:

Pole sana kaka, na mpe pole mama. Binti yangu alipimwa MRI ya kawaida, najua hofu ya ile mashine na kelele zake. Hicho kipimo chenu sikijui ila nafuatilia uzi, tuko pamoja kwa dua.

Mzee_wa_Ngamiani:

Kijana, mimi ningemwacha alivyo. Kichwa hakifunguliwi ovyo. Watu wanaishi na kifafa hadi uzee.

Radiografa_DSM:

Mzee wangu, shikamoo. Naelewa hofu yako, lakini kifafa kisichosikia dawa kinaua pia: kwenye maji, kwenye moto, na wakati mwingine usingizini. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya Kanada yaliyoongozwa na Samuel Wiebe, wagonjwa 80 wa kifafa cha panja. Nusu yao walipangiwa upasuaji, nusu wakaendelea na dawa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakupata tena degedege za kupoteza fahamu. Upande wa dawa walikuwa asilimia 8. Kwa ugonjwa wa huyu kijana, upasuaji si jambo la ovyo.

Sasa nirudi kwako Kashozi_Kaka. Jambo la kwanza kabisa, kabla hata ya lugha: rekebisheni ile fomu. Andikeni wazi "mashoto, alilazimishwa kuandika kwa kulia". Mkono wa kuandika kwetu ni kipimo kibovu, na mkono wa kula pia, kwa sababu vyote viwili vimepita mikononi mwa walimu na wazazi. Kuna dodoso ambalo hospitali nyingi hulitumia, la Oldfield wa Edinburgh, la mwaka 1971. Linauliza kurusha, mkasi, mswaki, kisu, kuwasha kiberiti, mkono upi unakaa juu kwenye fagio. Muulizeni mama: anamenya ndizi kwa mkono gani? Panga anashika wapi? Jiwe anarusha na upi? Majibu hayo yana thamani kuliko kalamu.

Kuhusu mashine yenyewe: haina mionzi, na kwa kazi za lugha hachomwi sindano ya dawa. Inachosoma ni damu. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi hupelekewa damu yenye oksijeni zaidi, na sumaku inaona tofauti hiyo. Msingi wake uliwekwa na Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990. Tofauti hiyo ni ndogo sana, ndiyo maana kazi inarudiwa, labda nusu dakika maneno, nusu dakika kupumzika, tena na tena. Akitikisa kichwa picha zimeharibika. Kwa hiyo mara nyingi ataambiwa afikirie neno kimoyomoyo bila kulitamka. Afanye mazoezi nje ya mashine kwanza, msikubali aingizwe akiwa hajaelewa kazi.

Na akipata degedege siku ya kipimo au usiku wa kuamkia, semeni. Imewahi kuripotiwa kipimo kikaonyesha upande usio sahihi kwa sababu mgonjwa alikuwa ametoka kwenye degedege muda mfupi tu.

Msomi_Ughaibuni:

Radiografa kaeleza vizuri. Mimi niko Ulaya kwenye masomo ya ubongo na lugha, acha nijazie hapo kwenye umashoto, maana kuna uvumi mwingi.

Tangu Paul Broca huko Paris miaka ya 1860 inajulikana kwamba kwa watu wengi usemi unategemea nusu ya kushoto. Watu wakadhani basi mashoto ni kinyume chake. Sivyo. Huko Montreal, Rasmussen na Milner walitoa hesabu zao mwaka 1977 kwa kutumia kipimo cha Wada, ambapo nusu moja ya ubongo inalazwa usingizi kwa dakika chache kwa dawa inayopitishwa kwenye mshipa wa shingo, kisha mgonjwa anaongeleshwa. Kwa wasio na jeraha la mapema upande wa kushoto, wanaotumia kulia asilimia 96 walikuwa na usemi kushoto. Mashoto asilimia 70 walikuwa kushoto vilevile, 15 pande zote mbili, 15 kulia. Mwaka 2000 Stefan Knecht na wenzake wa Münster, Ujerumani, waliwapima watu wazima wenye afya 326 kwa mawimbi ya sauti yanayosoma kasi ya damu. Lugha kukaa kulia ilikuwa asilimia 4 kwa wanaotumia kulia kabisa, 15 kwa wa mikono yote, na 27 kwa mashoto kabisa.

Kwa hiyo mashoto wengi lugha yao bado iko kushoto. Lakini huyu ndugu yako ana mambo mawili kwa pamoja, umashoto na kovu la kushoto lililoanza utotoni. Ubongo mchanga ukiumia kushoto unaweza kuihamishia lugha kulia au kuigawa, na kwa watu wa namna hii uwezekano unapanda sana kuliko hizo hesabu nilizotaja. Daktari aliyesoma "kulia" kwenye fomu anasoma picha akiwa na matarajio mengine kabisa. Picha yenye wingu-wingu pande mbili anaweza kuidhania hitilafu ya kipimo, kumbe ndio ukweli wa mgonjwa.

Na viboko vya darasa la kwanza havikuihamisha lugha. Kubadilisha mkono wa kuandika hakuigeuzi nusu inayobeba lugha.

Kashozi_Kaka:

Asanteni sana wakuu. Nimempigia mama sasa hivi. Anasema ndizi anamenya kwa kushoto, panga kushoto, jembe ndiyo usiseme. Na babu mzaa mama naye alikuwa mashoto. Kesho asubuhi nawaandikia.

Sasa lugha. Kuna mtu kwenye kundi letu la familia ameandika kwamba anayeongea lugha nyingi ubongo wake hutumia pande zote mbili, na Kihaya kwa kuwa kina toni kitakuwa kulia pamoja na muziki. Kweli?

Msomi_Ughaibuni:

Hiyo ya pande mbili ilivuma sana miaka ya 1970 na bado inarudiwa. Kwa watu wazima wenye afya, picha nyingi zinaonyesha lugha ya pili inakaa nusu ileile na ya kwanza, kwa kiasi kikubwa maeneo yaleyale. Mwaka 1997 Karl Kim na Joy Hirsch, New York, walionyesha kwamba waliojifunza lugha ya pili ukubwani walikuwa na vituo viwili vinavyokaribiana ndani ya eneo la Broca, lile la usemi, umbali wa karibu milimita 8. Waliokua na lugha zote mbili, vituo vilipishana. Walikuwa watu 12 tu, usijenge nyumba juu yake. Lakini ona: hata hao wenye vituo viwili, vyote vilikuwa kushoto.

Toni nayo, hapana. Kwa wazawa wa lugha za toni kama Kithai na Kichina, toni inayobeba maana ya neno inashughulikiwa zaidi kushoto. Na mwaka 2022 kundi la Evelina Fedorenko, wa chuo cha MIT Marekani, lilichapisha picha za wasemaji wa lugha 45 kutoka familia 12 za lugha, Kiswahili kikiwemo. Mtandao wa lugha ulikuwa na sura ileile, ukiegemea kushoto.

Kwa hiyo kama swali ni "nusu ipi" tu, Kiingereza kinaweza kutoa jibu sahihi. Tatizo langu na "Kiingereza kinatosha" liko kwingine. Mtu akifanya kazi kwa lugha inayomsumbua, ubongo unahangaika: umakini, kumbukumbu ya muda mfupi, kutafsiri kimoyomoyo. Hayo yote yanawaka kwenye picha, na mengine yanawaka kulia. Au anashindwa kabisa, anatulia kimya, na picha inatoka hafifu. Kwa mgonjwa ambaye tayari tunahisi lugha inaweza kuwa imegawanyika, picha hafifu ndiyo kitu cha mwisho mnachokitaka.

Tiba_ya_Usemi_NBO:

Salamu kutoka Nairobi. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi, na hii ndiyo kazi yangu kila siku, watu wa lugha tatu nne.

Ndugu, omba Kiswahili kiwe lugha kuu ya kipimo na Kihaya kiongezwe kama muda upo. Wala si lazima hospitali iwe na kitu tayari. Kazi ya kuzalisha vitenzi ni rahisi kuandaa: mgonjwa anasikia "kisu", anafikiria "kukata". Anasikia "maji", anafikiria "kunywa" au "kuoga". Rekodi majina ya kawaida kwa sauti safi, ya mtu mmoja, yenye nafasi sawa kati ya neno na neno, utume pamoja na maandishi na tafsiri yake. Kazi ya kusikiliza ni rahisi zaidi: hadithi fupi ya Kihaya aliyoisimulia mama, halafu sauti ileile ikichezwa kinyumenyume kama kilinganisho. Mama anaweza kuirekodi kwa simu nyumbani. Wao ndio watakaoziingiza kwenye programu yao na kuamua mpangilio.

Moja la kuangalia. Wakisema watatafsiri ile kazi ya "taja maneno yanayoanza na herufi fulani", waambie ukweli kuhusu lugha yetu. Ukimpa Mswahili herufi K ana vitenzi vyote, kusoma, kulala, kupika, pamoja na ngeli nzima ya ki-. M ni vilevile, mtu, mti, mlango, mwalimu. Kazi inakuwa nyepesi mno na ubongo haujikamui. Afadhali makundi: wanyama, vyakula, vitu vya sokoni.

Na sasa swali la mama. Kupoteza lugha moja nzima nyingine zikabaki salama kumeandikwa, lakini si kawaida. Usemi ukiumia, mara nyingi lugha zote huumia pamoja na hurudi pamoja. Mfaransa Albert Pitres aliona tangu 1895 kwamba iliyozoeleka zaidi kwa mgonjwa ndiyo mara nyingi hutangulia kurudi. Hatari iliyo halisi kwa panja la kushoto, iwapo lugha imekaa hapo, ni nyingine: kutafuta jina la kitu na kutolipata, neno liko mdomoni halitoki, pamoja na kumbukumbu ya yale aliyoambiwa. Mweleze mama hivyo, bila kumficha. Kwa sababu hiyo omba apimwe kutaja picha kwa lugha zote tatu kabla ya upasuaji. Kama hakuna kipimo cha kabla, baadaye hakuna atakayejua Kihaya kimepungua au kilikuwa hivyo. Daktari wa India hawezi kusikia kosa la Kihaya. Wewe utalisikia, kaa naye chumbani.

Mzee_wa_Ngamiani:

Marahaba Radiografa. Nimesoma yote. Kijana, kama ni hivyo mpelekeni, na mama aende naye ikiwezekana.

Kashozi_Kaka:

Wakuu, mrejesho. Fomu imerekebishwa. Daktari mwenyewe, si mratibu, amejibu: amesema taarifa ya umashoto ni muhimu kwake, na sasa wataangalia pia kama kipimo cha Wada kitahitajika. Kiswahili wamekubali, tutume rekodi. Kihaya watajaribu hadithi ya kusikiliza. Hicho cha Wada kimenitisha, ni lazima?

Radiografa_DSM:

Si lazima kwa kila mtu. Mwongozo wa madaktari wa neva wa Marekani wa mwaka 2017 unasema MRI ya utendaji inaweza kuchukua nafasi yake katika kutafuta upande wa lugha kwa kifafa cha panja kama hiki. Wada ni kuingiza mpira mwembamba mshipani hadi shingoni, ina hatari zake ndogo lakini za kweli. Hutumika pale picha zinapogongana au zinapoonyesha pande mbili. Akiwa na picha safi kwa Kiswahili, mnapunguza sababu ya kuihitaji. Muulizeni daktari swali hili hasa: picha zikionyesha pande mbili, utafanya nini?

Dawa zake za kifafa asiache hata dozi moja bila wao kusema. Vitu vyote vya chuma vitajwe mapema, hata kipande kilichoingia mwilini utotoni. Na mkimaliza, ombeni picha zenyewe kwenye diski, siyo karatasi ya ripoti peke yake, ili daktari atakayemfuatilia huku nyumbani aweze kuzifungua.