Matunzo ya watoto: CMS (idara ya serikali ya Uingereza inayosimamia matunzo) wanapigaje hesabu?

Kutoka: Baba Nasra, Reading

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi na mama Nasra tumeachana tangu mwezi wa tatu. Watoto wawili, miaka 10 na 6, wako kwake. Nawachukua mara moja kila wiki mbili, Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Wazee walituweka kikao, tukashindwana kwenye kiasi, sasa kapeleka CMS. Mshahara wangu ni pauni 36,400 kwa mwaka kabla ya kodi, pensheni imeshatoka. Nikilipa kodi, pango, na nikimtumia mama yangu Tabora, mkononi hakibaki kitu. Watadai ngapi? Na kipato chake yeye hakihesabiwi?

Kutoka: Mzee Kombo, Leicester

Pole, mdogo wangu. Nimepita huko. Pango halimo, na za Tabora hazimo. Wanaanzia mshahara kabla ya kodi, na hawakuulizi wewe, wanauchukua HMRC, mamlaka ya kodi, wa mwaka wa kodi uliopita. Kinachotoka hapo ni pensheni, ambayo umeshaitoa. Kipato cha mama hakiangaliwi, hata awe daktari bingwa.

Hiyo yako ni kama pauni 700 kwa wiki. Kuanzia 200 mpaka 800 kwa wiki, mtoto mmoja ni asilimia 12, wawili 16, watatu na zaidi 19. Kwa hiyo 112. Halafu wanahesabu usiku ambao watoto wanalala kwako. Usiku mbili kila wiki mbili ni usiku 52 kwa mwaka, na punguzo linaanzia hapohapo kwenye 52: moja ya saba, pauni 16, unalipa 96. Ukiwa na 51 hupunguziwi kitu.

Mimi zamu za Jumamosi usiku zilinikosesha hilo punguzo. Zilikuwa zinalipa vizuri, basi kila mara "wiki hii wabaki kwako". Hesabu ilipokuja mwenzangu ana kalenda, mimi nina maneno.

Kutoka: Baba Nasra

Ahsante mzee. Ila mwaka jana nilipiga ovataimu sana. Sasa hivi napata kama 600 kwa wiki.

Kutoka: Mzee Kombo

Haitoshi. Hawabadilishi katikati ya mwaka mpaka kipato kitofautiane kwa asilimia 25, yaani kwako kishuke mpaka 525. Vinginevyo subiri mapitio ya mwaka.

Kutoka: Mama Imani, Milton Keynes

Samahani naingilia, mimi niko upande wa wanaopokea. Baba Nasra, usimpe mkononi. Baba watoto wangu alikuwa ananiachia pesa taslimu juu ya mfuko wa mchele. Alileta, sikatai, lakini siku tulipogombana hakuwa na hata karatasi moja. Pitisha benki, andika "matunzo".

Na mlipane wenyewe moja kwa moja, CMS wakishatoa kiasi. Hiyo haina ada. Ukianza kurukaruka watakuhamishia Collect and Pay, yaani CMS wenyewe wanachukua pesa kwako na kumpelekea mama: kwenye ile 96 wanakuongezea asilimia 20, unatoa 115.20. Mama naye wanamkata asilimia 4, anapata 92.16. Pauni 23 kila wiki zimeliwa njiani na hakuna mtoto aliyepata kiatu.

Kwa mama Tabora tuma, mama ni mama. Lakini usimpelekee mama Nasra hoja hiyo, nakuomba. Naye ana mama yake Singida.

Kutoka: Baba Nasra

Hapo kwa mama yake umenipiga, dada. Leo nimemwambia meneja anitoe Jumamosi za watoto. Mzee, kalenda ya simu inatosha?

Kutoka: Mzee Kombo

Inatosha. Ila kila mwisho wa mwezi mtumie mama yao tarehe zote kwa WhatsApp. Akijibu "sawa", usiifute.