Tupeane uzoefu: ulikipataje kikao chako cha kwanza cha kuacha pombe? (Nakuru, Kisumu na Magharibi)

Mwenyeji, Nakuru
Hamjambo nyote. Mtu akitaka chang'aa hapa Nakuru, iwe Rhonda au Free Area, hata mtoto atamwonyesha mlango. Akitaka kikao cha walioacha, atazunguka wiki nzima. Naomba kila aliyepitia aeleze alivyokipata, ili anayetafuta leo asikate tamaa. Ule ubishi wa nani ana roho ngumu na nani hana tuuache. Uraibu ni ugonjwa.

Naanza mimi. Nilipiga 1192, nambari ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, haina malipo. Nilikuwa nimejifungia chooni ili mke wangu asisikie. Aliyepokea hakunihubiria. Aliniuliza nakunywa kiasi gani, na kama mikono hutetemeka asubuhi. Nikamwambia siwezi kushika kikombe kabla ya kutoa loki, yaani kunywa pombe ya asubuhi ya kutuliza mwili. Akanikataza kabisa kuacha ghafla peke yangu, akaniambia nianzie hospitali. Daktari ndiye aliyenifafanulia: mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla, mtu anaweza kushikwa na kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, kisha aanze kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Wengine hufa. Nikalazwa, nikapewa dawa za kutuliza na vitamini B1, na nesi wa wodi ile ndiye aliyenielekeza kwenye kikao cha AA (Alcoholics Anonymous), ushirika wa wanaosaidiana kuacha pombe. Tafadhali, kama unatetemeka, hospitali kwanza, kikao kifuate.

Fundi wa Nyalenda
Mimi ni wa Kisumu. Anwani niliitoa kwenye intaneti, nikapanda boda hadi ukumbini, nikakuta kufuli. Ratiba ilikuwa ya zamani. Ningeishia kilabuni jioni ile, lakini mlinzi wa geti akaniuliza polepole, "Unatafuta wale wa Alhamisi?"

Alhamisi nikarudi. Viti vya plastiki vimepangwa duara, thermosi ya chai mezani, mwalimu mstaafu ameketi karibu na konda wa matatu. Hakuna aliyeniuliza jina la ukoo wala kazi. Hakuna ada. Kapu linapita, mwenye chochote anatia, asiye nacho analipitisha kwa jirani. AA ilianza Marekani mwaka 1935, na sharti lake la uanachama ni moja tu: uwe unataka kuacha kunywa.

Kabla ya kwenda, piga simu uulize kama kikao bado kipo, na kama ni cha wazi au cha wanachama tu. Cha wazi hata ndugu yako anaweza kuketi nawe. Uliza pia saa. Chetu huanza saa kumi na moja na nusu jioni, na kwangu hilo lilisaidia sana, kwa sababu sheria ya vileo ya 2010 iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja siku za kazi. Hiyo ndiyo saa miguu yangu ilikuwa inajua njia yenyewe.

Mama Lurambi
Wanaume mna bahati. Mimi nilikuwa napika chang'aa, ndiyo iliyosomesha watoto wangu, na kila ikitoka lazima niionje. Kikao cha kwanza nilikuta wanaume watupu, mmoja wao mteja wangu wa kila siku. Nikatoka kabla ya kuketi.

Mhudumu wa afya wa jamii, yule hupita nyumba kwa nyumba, ndiye aliyenipeleka kwa kikundi cha akina mama. Si AA, hatuna zile hatua kumi na mbili za kuacha pombe wanazofuata wao. Tunaongea, tunalia ikibidi, halafu tunachanga na kukopeshana. Mimi nawaambia ukweli, bila ule mtaji mdogo ningerudi jikoni kupika, maana karo haingoji mtu apone. Pipa nililitoboa mwenyewe kwa msumari ili nisipate kishawishi. Sasa nauza omena.

Mke wa dereva, Bungoma
Mume wangu hataki kusikia habari ya vikao. Nikatafuta changu: Al-Anon, ni ya jamaa za walevi, na kuna vikao vya mtandaoni. Niliacha kumlipia madeni ya kilabuni, nikaacha kumpigia bosi wake simu kusema ana malaria. Bado anakunywa. Mimi angalau nalala usiku.

Kijana wa Mumias
Nimesoma yote. Mimi bado natafuta. Baba yangu ni mzee wa kanisa, nikionekana naingia mahali kama hapo, kijiji kizima kitajua kufikia jioni.

Mwenyeji, Nakuru
Ndugu yangu, si lazima uende kikao cha kwenu. Wengi tulianzia mji wa pili. Vya mtandaoni pia vipo, na unaweza kuzima kamera usikilize tu. Lakini nijibu hili kabla hujapanga lolote: asubuhi mikono iko vipi?

Kijana wa Mumias
Inatetemeka. Na jasho.

Mama Lurambi
Basi usiache leo ukiwa peke yako chumbani, mwanangu. Kesho asubuhi panda matatu uje Kakamega, hospitali ya rufaa ya kaunti. Uwaambie wazi unakunywa kiasi gani, usipunguze hata glasi moja. Niandikie faraghani ukishaketi kwenye gari, nitakungoja getini.