Msichana wa mpira wa magongo (hoki), kiwanja cha udongo: aanze na nini?

MwalimuKatuba
Jambo wote. Tuna wasichana wa miaka 12 hadi 15 hapa Lubumbashi, magongo kumi na kiwanja cha udongo mwekundu. Mmoja wao hakosi kutazama video za Luciana Aymar, nyota wa hoki wa Argentina, na anauliza yule mama alifikaje pale na alidumu vipi. Mimi nauliza la kazi: katika umri huu nimfundishe nini kwanza, na nini kingoje? Kuna wanaoniambia nimwanzishe dragi-fliki (kuuburuta mpira kwa gongo kisha kuurusha) mapema kwa kuwa ndiyo inayofunga magoli.

Papa_Kamalondo
Mwalimu, huyo binti amechagua vizuri. Aymar alizaliwa Rosario, Argentina, mwaka 1977, akaingia timu ya taifa ya wakubwa 1998 na kustaafu mwishoni mwa 2014. Medali nne za Olimpiki (fedha 2000, shaba 2004 na 2008, fedha 2012), Kombe la Dunia 2002 na 2010, mchezaji bora wa dunia mara 8. Dhahabu ya Olimpiki hakuigusa kamwe.

Mwambie atazame mkono wa kushoto, aache miguu. Mkono huo unakaa juu kabisa ya gongo na ndio unaogeuza. Wa kulia uko chini yake, umelegea, gongo linazunguka ndani ya kiganja. Gongo lina upande bapa mmoja tu, na sheria hairuhusu gongo la mashoto, kwa hiyo mpira ukiwa kushoto kwake ni lazima alipindue, ncha itazame chini. Wasichana wengi wanabana mkono wa kulia. Hapo mpira unasukumwa tu, hauvutwi. Dawa yake: dakika kumi kila zoezi, mkono wa kushoto peke yake, wa kulia mgongoni. Watanung'unika, waache wanung'unike.

Ya_Ruashi
Papa amesema kweli, ila udongo nao una tabia yake. Kiangazi, Mei hadi Septemba, unakuwa mgumu na mpira unarukaruka, basi mtoto anajifunza kusimama wima na kuusubiri. Siku akikanyaga nyasi bandia zilizomwagiwa maji, mpira unakuja chini chini na kwa kasi, unampita chini ya gongo. Kosa ni moja: magoti hayakukunjwa na gongo halikuwa chini mapema.

Tafuta kiwanja cha basketi chenye sementi laini. Mpira wa tenisi unatosha kwa kupokea na kukokota. Ule halisi ni mgumu, gramu 156 hadi 163, kwa hiyo hapo bila kinga za ugoko na za meno hakuna kucheza. Sementi inakula kichwa cha gongo, zungushia utepe na ubadilishe unapochanika.

Dada_Kampemba
Nipinge hao wa dragi-fliki. Ni kweli ina thamani, na sababu iko kwenye sheria. Kwenye kona ya adhabu, pigo wanalopewa washambuliaji walinzi wakifanya kosa karibu na goli, mpira unatolewa kwenye mstari wa goli, angalau mita 10 kutoka mwimo wa karibu, na lazima utoke kwanza nje ya duara, lile eneo la kufungia mbele ya goli. Shuti la kwanza likiwa la kupiga, halitakiwi kuvuka mstari wa goli juu ya sentimita 46. Ukiuburuta na kuurusha, kizuizi hicho hakipo: unaweza kulenga pembe ya juu. Ndiyo maana Maartje Paumen wa Uholanzi alitisha walinda lango, akatwaa dhahabu ya Olimpiki 2008 na 2012.

Lakini tazama mwili: hatua ndefu, goti la kushoto limekunjwa sana, kiuno kinajipinda kwa nguvu. Mgongo wa chini wa mtoto anayekua hauvumilii kurudia jambo hilo mara hamsini. Kwa miaka 14, mfundishe kusukuma mpira kutoka chini, akiwa ameinama, kwa usahihi. Mrusho wenyewe ungoje hadi 16 hivi, na hata hapo mirusho isizidi 15 kwa zoezi, mara mbili kwa wiki.

Na asifikiri ni mchezo wa Ulaya tu. Pietie Coetzee wa Afrika Kusini alivunja rekodi ya dunia ya wanawake ya magoli 220 ya kimataifa mwaka 2011. Zimbabwe, ng'ambo ya Zambia hapa, ilichukua dhahabu ya wanawake kwenye Olimpiki ya Moscow 1980. Ndiyo, nchi nyingi zilisusia na timu zilikuwa sita tu, lakini ilishinda mechi tatu, ikatoka sare mbili, haikufungwa.

MwalimuKatuba
Aksanti sana. Swali dogo: kuna gongo linalomfika mmoja wao karibu na kifua. Nilikate?

Ya_Ruashi
Pima kwanza. Asimame wima, gongo pembeni ya mguu, mwisho wa juu ufike mfupa wa nyonga. Likipita sana, mpe mwenzake aliye mrefu zaidi. Kulikata juu kunabadilisha uzani, kichwa kinakuwa kizito mkononi, na mkono wa kushoto ndio unaochoka kwanza. Zaidi ya hapo, kama ni la faiba ndani lina uwazi: usipoziba ulipokata, maji ya mvua yataingia.

MwalimuKatuba
Nimeelewa. Nitambadilishia na yule wa darasa la juu.