Yule mzungu mkulima aliyekuja kuwa mbunge wa Dar, aliteuliwa au alichaguliwa?

mzawa_wa_Moshi:
Wakuu habari za muda huu. Kuna jina nalisikia sana kwa wazee, Derek Bryceson, eti alikuwa mkulima huku kwetu Kilimanjaro, mara waziri wa Nyerere, mara mbunge huko Dar. Huyu aliwekwa na mkoloni tu au watu walimpigia kura kweli? Maana masetla ninaowajua mimi kwa hadithi ni wa kushinda klabu na kugombeza vibarua.

Babu Kijiwe:
Vyote viwili mkuu. Jamaa alikuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza, akatunguliwa vitani akaumia vibaya mpaka wakamwambia hatatembea tena, akatembea na fimbo yake, akasoma kilimo Cambridge, akalima Kenya kidogo ndo akahamia kwetu. Legco ya Tanganyika, yaani baraza la kutunga sheria la mkoloni, tangu 1926 ilikuwa ya kuteuliwa na gavana, mwananchi hana kura. Bryceson naye aliingia serikalini kwa mlango huohuo, 1957 akapewa unaibu waziri. Uchaguzi wa kwanza ulikuja 1958, akasimama kaskazini akiungwa mkono na TANU, sambamba na mama Sophia Mustafa. 1959 akawa waziri wa madini na biashara, baadaye afya na kazi, kisha kilimo, hapo sasa alikuwa nyumbani.

Chizi Fresh:
Tusipambane sana na sifa, ile ilikuwa kura tatu, kila mpiga kura lazima achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu la sivyo kura inaharibika. TANU walikuwa wanatafuta mzungu wa kujazia nafasi basi wakampata huyo. Hata kadi ya chama hakuwa nayo.

Babu Kijiwe:
Kadi angeitoa wapi wakati TANU ilikuwa ya Waafrika tu mpaka 1963? Na 1958 nakupa, kura tatu ilimbeba. Ila 1965 kura tatu ilishakufa zamani, ni chama kimoja, wagombea wawili kwa alama za jembe na nyumba, yeye kasimama Dar na Mwafrika mwenzetu na akashinda kwa kishindo. Hapo alimjazia nani nafasi?

Chizi Fresh:
Hapo sawa. Lakini mwaka huohuo kuna mawaziri weusi waliangushwa na wapiga kura, mpaka leo sielewi wa Dar waliona nini kwake.

dada_Neema:
Mmeruka ya 1972, alitoka uwaziri akapewa kuongoza hifadhi za taifa, na 1975 akamwoa Jane Goodall yule wa sokwe wa Gombe 😄 Alifariki kwa kansa 1980. Me nilikuwa namjua kama mume wa Jane tu, kumbe mzee alishakuwa waziri kabla hata Jane hajafika Gombe!

mzawa_wa_Moshi:
Asanteni sana wakuu. Mwenye kujua shamba lake lilikuwa upande gani hasa wa mlima aweke hapa, nataka nipite Jumapili.